Ugumu Uliovikwa Wepesi: Tathmini ya Images and Words ya Dream Theater

Katika uhakiki wetu neno "wepesi" limekosa bahati. Likitajwa juu ya mshairi, aghalabu hutajwa kwa kumkosoa: kwamba anaimba ya juujuu, kwamba hana kina, kwamba anawafuata wasikilizaji mahali ambapo angepaswa kuwatangulia. Neno "ugumu" nalo limekuwa sifa kwa huyu na lawama kwa yule, kutegemea msemaji alisimama upande gani katika ule mgogoro wa ushairi uliopamba moto baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974. Makala haya hayakusudii kuufufua mgogoro huo. Yanakusudia kuuendea kwa njia ya kando, kwa kuitazama kazi moja ya sanaa ambayo haikutoka kwetu wala haikutungwa kwa lugha yetu, lakini ambayo kwa miaka mingi imenikabili kwa swali lile lile: je, kazi ngumu ikipendwa na wengi, ni lazima iwe imepunguziwa kitu?

Kazi yenyewe ni albamu iitwayo Images and Words, iliyotolewa mwaka 1992 na kundi la Dream Theater la jimbo la New York, Marekani. Ni albamu ya muziki ujulikanao kama metali ya progresivu. Kwa kuwa wasomaji wengi wa jarida hili huenda hawajapata kuketi na kuusikiliza muziki huo, maelezo machache yanahitajika. Roki ya progresivu ilizuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa makundi kama King Crimson na Yes, ambayo yaliuvunja wimbo wa dakika tatu na kutunga nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi, hesabu za mapigo zisizo za kawaida na ufundi mkubwa wa ala. Metali ni roki nzito, yenye magitaa ya umeme ambayo sauti yake imekwaruzwa kwa makusudi na ngoma zinazopigwa kwa nguvu. Rush wa Kanada walikwisha kuonyesha katika miaka ya 1970 kwamba mambo haya mawili yanaweza kukaa nyumba moja, na katika miaka ya 1980 Fates Warning na Queensrÿche waliyafunga ndoa rasmi. Tunaposema metali ya progresivu, basi, tunasema muziki uliorithi ugumu wa aina mbili, ugumu wa muundo na ugumu wa sauti. Msikilizaji mgeni hukutana na kelele kwanza, na akiivuka hiyo hukutana na hesabu.

Yafaa nikiri mapema kwamba mimi ni shabiki. Najua kwamba kukiri huko katika kurasa kama hizi ni sawa na shahidi kuieleza mahakama kwamba mshtakiwa ni shemeji yake. Lakini sijui ni mhakiki gani wa Muyaka ambaye hakuanza kwa kumpenda Muyaka, na naona heri upendo uliotangazwa kuliko uliofichwa chini ya istilahi. Albamu hii niliipata kwanza katika kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine, iliyokwisha kunakiliwa nayo, hata matoazi ya ngoma yakasikika kama mchele unaomwagwa juu ya bati. Kaseti hiyo nilimwazima mwenzangu mmoja idarani, mtu wa tenzi, ambaye alinirudishia baada ya siku mbili na kusema: "Bwana, humu mna watu watano wanaogombana, na mmoja wao analia." Nitamrudia bwana huyu, maana hukumu yake ya pili haikufanana na ya kwanza.

Historia ya kundi yatosha kwa muhtasari. John Petrucci mpiga gitaa, John Myung mpiga gitaa la besi na Mike Portnoy mpiga ngoma waliunda kundi mwaka 1985 wakiwa wanafunzi katika chuo cha muziki cha Berklee, mjini Boston. Aliongezeka Kevin Moore, mpiga kinanda. Albamu yao ya kwanza, When Dream and Day Unite ya mwaka 1989, iliimbwa na Charlie Dominici na haikwenda mbali. Baada ya Dominici kuondoka walikaa muda mrefu wakitafuta sauti, wakasikiliza kanda za waimbaji wengi, na mwishowe wakampata James LaBrie kutoka Kanada. Images and Words ilirekodiwa katika studio ya BearTracks huko Suffern, New York, chini ya mtayarishaji David Prater. Ina nyimbo 8 na huchukua takriban dakika 57. Nchini Marekani imepata cheti cha dhahabu, yaani kuuza nakala 500,000, na hakuna albamu nyingine ya kundi hilo iliyofikia kiwango hicho huko.

Tarehe ya 1992 haifai kupitwa bila kutazamwa. Mwaka uliotangulia Nirvana walikuwa wametoa Nevermind, na ladha ya vijana wa Marekani ilikuwa imegeukia muziki mfupi, mkavu, unaoona aibu kuonyesha ufundi. Gitaa la peke lililodumu dakika nzima lilikuwa limeanza kuchekwa. Wakati huo huo ndipo vijana hawa watano wakaja na wimbo wa dakika 8 unaozungumza kwa kinywa cha Hamlet, na redio zikaupiga. Wimbo huo, "Pull Me Under", uliingia katika kumi za kwanza kwenye orodha ya nyimbo za roki zilizopigwa redioni nchini humo. Kundi halikupata tena kuingia humo, na mwaka 2008 lilipotoa mkusanyiko wa nyimbo zake liliuita kwa utani kwa jina lenye maana ya "wimbo mkubwa" katika umoja, na nyingine 21 nzuri kiasi.

Hapa ndipo hoja yetu inapoanzia. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba albamu hii ilipendwa kwa sababu ni nyepesi kuliko zilizoifuata. Naafiki kwamba ni nyepesi kuisikiliza. Sikubali kwamba ni nyepesi katika muundo, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo kiini cha makala haya.

Tuuchukue "Pull Me Under" wenyewe. Unaanza kwa gitaa safi, nyuzi zikidonolewa moja moja. Ngoma zinaingia taratibu, kisha gitaa zito, na mwimbaji hatujamsikia bado. Redio haipendi kungojeshwa namna hii. Mashairi yake, yaliyoandikwa na Moore, yamewekwa kinywani mwa mwana wa mfalme anayemfikiria babaye aliyekufa na kisasi anachodaiwa, na karibu na mwisho umeingizwa mstari mmoja wa tamthilia yenyewe. Sisi tuliozoeshwa Shakespeare kwa Kiswahili na tafsiri za Nyerere, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, tunajua kwamba mtu huyu haazimwi bila gharama: ukimtia katika wimbo wako, maneno yako mwenyewe yataonekana mafupi pembeni yake. Moore aliepuka hatari hiyo kwa kutoshindana naye. Hasimulii kisa cha Hamlet wala hamtaji kwa jina. Anachukua hali moja tu ya moyo, ile ya mtu anayevutwa chini na jambo ambalo hakulichagua, kisha anaiwekea kiitikio ambacho mtoto angeweza kukishika baada ya kukisikia mara moja.

Kiitikio hicho ndicho kilichouza wimbo, na hakuna haja ya kuliona hilo haya. La kutazama ni kazi kinayoifanya. Kila kinaporudi, ala zilizo chini yake zimekwisha kwenda mahali pengine. Msikilizaji anashika sauti ya LaBrie kama mtu anayeshika kamba ya mashua gizani, na kwa kuwa ameishika kamba hakubali kwamba amevuka maji marefu. Kisha, katikati ya kukirudia kiitikio, wimbo unakatwa. Haupunguzwi sauti wala haumaliziwi kwa pigo la kuhitimisha. Unakatwa kama uzi kwa wembe. Mara ya kwanza nilidhani kaseti yangu imeharibika, na nina hakika si mimi peke yangu niliyeigonga redio yake. Wimbo unaomsema mtu anayekabiliwa na kifo umekufa ukiwa bado unaimba. Huo si uamuzi wa mtu anayetaka kupendwa kwa gharama yoyote. Kwa video na kwa redio ulifupishwa, lakini walioufuata hadi kwenye albamu waliukuta mzima, na mkato wake pale pale.

Nasema tena: wepesi wa wimbo huu umewekwa mahali pamoja, katika sauti inayoimbika, na ugumu umeachiwa sehemu zilizobaki. Anayedhani kwamba wepesi na ugumu ni mizani ya duka, kwamba ukiongeza huku lazima upunguze kule, hataielewa albamu hii.

Sasa nimrudie mwenzangu wa tenzi. Siku moja nilikuwa nikiupiga "Surrounded" ofisini, naye akaingia kuulizia karatasi za mtihani. Wimbo huo huanza kwa kinanda na sauti tu, kwa upole, kisha ngoma zikaingia. Alisimama mlangoni akisubiri upungue, na nikaona kidole chake kinagonga ubao wa mlango. Baadaye akauliza: "Mbona hii ni tisa?" Ni tisa kweli. Beti za wimbo huo huenda kwa hesabu ya mapigo 9, lakini mapigo hayo yamepangwa matatu matatu kwa namna ya kumfanya msikilizaji aone anabembea, asione anahesabu. Mtu huyu hajui lolote juu ya roki. Ajualo ni kwamba kipande cha utenzi kina mizani 8, na masikio yake yamekaa na nane hiyo miaka arobaini, hata kikizidi kimoja anashtuka kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Sitaki kuvuta ulinganisho huu kupita urefu wake. Mizani ni silabi na pigo ni muda, na atakayesema ni kitu kimoja atakuwa amechanganya arudhi na muziki, kosa ambalo tumelisoma mara nyingi katika tasnifu za wanafunzi wetu. Lakini kuna jambo moja ambalo watungaji wetu wa zamani walilijua na ambalo linatusaidia hapa. Utenzi wa beti elfu haumchoshi msikilizaji kwa sababu kanuni zake ngumu zimezama. Msikilizaji wa Lamu au Pate hakuhesabu mizani. Alisubiri kina cha bahari mwishoni mwa ubeti, nacho kilifika, na kwa kufika kwake alijua yuko wapi. Amri Abedi alipoziandika sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954, alikuwa akiwaeleza wasomaji jambo ambalo masikio yao yalikwisha kulifanya bila kuambiwa. Katika "Surrounded" hesabu ya tisa imezama namna hiyo hiyo. Ugumu ulioonekana ni ugumu ulioshindwa kuzama. Nathubutu kusema kwamba sehemu kubwa ya metali ya progresivu iliyotungwa baada ya 1992, pamoja na kazi kadhaa za kundi hili hili, ina kasoro hiyo: mapigo yanabadilika ili sisi tuone kwamba yamebadilika.

"Metropolis" ndio wimbo ambao wapinzani wa hoja yangu wangeutumia dhidi yangu, na ningewaelewa. Huchukua dakika 9 na nusu, na katikati yake mwimbaji ananyamaza kwa dakika kadhaa, ala zikaachiwa uwanja. Mawazo yanabadilika kila baada ya sekunde chache. Hata Myung, mtu mnyamavu kuliko wote, anapewa nafasi fupi peke yake kwa gitaa la besi, akizigonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili. Hapa ugumu haukuzama. Umesimama juu ya meza. Hata hivyo wimbo huu umependwa na mashabiki kuliko karibu nyimbo zote za kundi, na kichwa chake kilichoandikwa "sehemu ya kwanza" kwa utani tu kiliwafanya wadai sehemu ya pili kwa miaka mingi, hata ikatoka mwaka 1999 kama albamu nzima. Nadhani sababu ni kwamba uwanja huo wa ala una milango miwili iliyo wazi. Tunaingia kutoka kwenye sauti tuliyokwisha kuizoea, na tunatoka kuirudia sauti hiyo hiyo ikiwa imepanda juu zaidi. Mtu huvumilia msitu akijua kijiji kiko upande wa pili. Lakini nakubali kwamba hapa hoja yangu inachechemea kidogo, na wapo wanaoupenda msitu wenyewe.

Juu ya "Under a Glass Moon" sina mengi. Gitaa la peke la Petrucci humo husifiwa na wapiga gitaa, na sifa hiyo ni haki. Mashairi yake ni lundo la taswira zisizo na muwala, mwezi wa kioo na mambo kama hayo, na yangeletwa darasani kwangu bila muziki ningeyarudisha na alama nyekundu.

Hilo linatuleta kwenye maneno, ambayo kwetu sisi watu wa lugha ndiyo yaliyopaswa kuja mwanzo. Albamu hii ina waandishi kadhaa wa mashairi na hawalingani. "Take the Time" waliuandika pamoja wanakundi wanne waliokuwapo kabla ya LaBrie, na inasikika hivyo: ni kikapu cha mawazo manne, kikiwa na kipande cha Kiitaliano kutoka filamu ya Cinema Paradiso juu yake. Muziki wake una furaha, maneno yake hayana mwelekeo. Petrucci anapenda picha kubwa kuliko anavyozihitaji. Moore ndiye mshairi wa kundi. Ushahidi wake bora hauko katika "Pull Me Under" bali katika "Wait for Sleep", kijipande cha dakika 2 na nusu, piano na sauti ya mtu mmoja. Kinamhusu mwanamke aliyekaa usiku bila kupata usingizi. Basi. Hakuna anayekufa, hakuna mji unaoanguka. Humo ndimo lilimotoka jina la albamu, na ni jambo la kuchekesha kwamba albamu yenye ngoma nyingi namna hii imepewa jina na wimbo usio na ngoma hata moja. Hesabu ya piano yake haikai sawa, inarefuka na kufupika, kama pumzi ya mtu anayejilazimisha kulala. Sijui mfano bora zaidi wa fani iliyozaliwa na maudhui katika muziki wa aina hii.

Kuna wepesi mwingine katika albamu hii, nao siutetei. "Another Day" ni wimbo wa polepole wa dakika 4 na zaidi kidogo, ambao Petrucci aliuandika kwa ajili ya babaye aliyekuwa akiugua saratani. Kwa hiyo haukosi ukweli. Lakini umevishwa saksafoni ya Jay Beckenstein wa kundi la Spyro Gyra, na tangu nukta ya kwanza unasikika kama wimbo unaobisha hodi kwenye mlango wa redio. Ulitolewa peke yake na kutengenezewa video, na redio haikuufungulia kama ilivyoufungulia "Pull Me Under". Wimbo uliopimwa kwa futi kamba ya redio ulibaki nje, na ule wa dakika 8 uliokatwa bila adabu ukaingia. Sina nia ya kulifanya tukio moja kuwa kanuni. Lakini miaka 5 baadaye jambo hilo lilijirudia kwa kiwango kikubwa zaidi. Katika albamu ya Falling into Infinity ya mwaka 1997, kampuni ya kurekodi ilitaka nyimbo za redio, hata Desmond Child, mtungaji wa nyimbo nyingi zilizovuma, akaletwa kuusaidia wimbo mmoja ukaitwa "You Not Me". Matokeo yake yanasikika. Kiitikio kipo, kimepigwa msasa, na chini yake hakuna kitu kinachokwenda popote. Katika "Pull Me Under" wepesi ulikuwa mlango wa nyumba. Hapa tumepewa mlango uliosimamishwa uwanjani peke yake.

Tofauti hii ndiyo ningependa wahakiki wetu waiangalie kabla ya kulitumia neno "wepesi" kama tusi. Kuna wepesi unaotoka ndani ya kazi, kwa sababu mtungaji amefanya kazi ngumu hadi ikazama, na kuna wepesi ulioagizwa kutoka nje, ambao ni kuondoa tu. Shaaban Robert ni mwepesi kwa maana ya kwanza, na tumewahi kumsoma kana kwamba ni mwepesi kwa maana ya pili. Kinyume chake, baadhi ya mashairi huru tuliyoyasifu kwa ugumu hayakuwa magumu. Yalikuwa hayajamalizwa. Sitataja majina, kwa kuwa baadhi ya wenyewe huchangia jarida hili.

Mashabiki wenyewe hawana nafuu katika jambo hili. Miongoni mwa wapenzi wa metali ya progresivu, kumwambia mtu kwamba albamu aipendayo kuliko zote ni Images and Words ni kujifunua kwamba umeingia kwa mlango wa mbele, pamoja na watu wote. Wajuzi husema Awake ya mwaka 1994, ambayo ni nzito na yenye giza zaidi, au hutaja makundi ambayo hakuna mtu amewahi kuyasikia. Nimefanya hivyo mimi mwenyewe. Kwa miaka kadhaa nilipoulizwa nilitaja Awake, kwa sababu tu niliona haya kupenda kilichopendwa na wengi. Si jambo la kujivunia kwa mtu anayelipwa kufundisha uhakiki.

Kasoro za kisanii ziko, na shabiki hana ruhusa ya kuzipita. Iliyo kubwa ni sauti ya ngoma ndogo. Prater alizipachikia ngoma za Portnoy sauti iliyorekodiwa kando, hivyo kila pigo la ngoma hiyo linafanana na lililotangulia kama matofali ya tanuri moja, lipigwe kwa nguvu au kwa upole. Portnoy mwenyewe amelilalamikia jambo hilo hadharani. Ni hasara ya kweli, maana ufundi wa mpiga ngoma uko katika tofauti za uzito wa mkono, nazo ndizo zilizofutwa. Kasoro nyingine ni kwamba albamu haikuwa kamili. Kundi lilikuwa na utungo wa dakika zaidi ya 20, "A Change of Seasons", ambao walitaka uwemo, na kampuni ikakataa kwa sababu ya urefu. Ulitoka mwaka 1995. Nikiusikiliza sasa najiuliza iwapo kampuni, kwa sababu zake za kibiashara, haikuwa imeitendea albamu hii wema. Dakika 57 ni kipimo ambacho masikio hukibeba. Sina jibu la uhakika.

Na LaBrie, "mmoja anayelia" wa mwenzangu? Kuna wasioweza kuivumilia sauti yake, nami sibishani na masikio ya mtu. Yafaa tu ikumbukwe kwamba tunachokisikia humu hakikupatikana tena sawasawa. Mwezi Desemba 1994, akiwa Cuba, alipata sumu ya chakula na nyuzi zake za sauti zikaumia kwa kutapika. Aliendelea kuimba na anaimba hata sasa, lakini sauti ya 1992, iliyopanda bila kuomba ruhusa, ilibaki katika kanda.

Mahali pa kuisikia ni katika wimbo wa mwisho, "Learning to Live", wenye dakika 11 na nusu. Maneno ni ya Myung, na huelezwa kuwa yanahusu UKIMWI na hofu ya kupenda katika zama za maradhi hayo. Mtu wa Afrika Mashariki aliyezika jamaa katika miaka ya 1990 hawezi kuusikiliza kama wimbo wa kigeni tu, ingawa naungama kwamba maneno yenyewe hayasemi wazi, na bila kuelezwa nisingelijua. Unaanza kwa kinanda kinachokwenda kwa hesabu ya mapigo 15, saba na nane zikifuatana, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi anayetembea kwa haraka. Unapita katika gitaa la nyuzi za nailoni, katika ngoma nzito, katika ukimya. Nusu ya pili sauti ya LaBrie inapanda hadi mahali ambapo hakuna neno tena, vokali tupu. Kisha, pasipo taarifa, kile kijipande cha piano cha "Wait for Sleep" kinarudi, safari hii kikiwa mikononi mwa kundi zima.

Mwenzangu alikitambua kabla sijamwonyesha. Alikuwa amekwisha kuchukua kaseti kwa mara ya tatu wakati huo, na aliniambia kwamba pale ndipo alipojua kuwa waliotunga walikuwa na nia. Mwanamke asiyepata usingizi katika wimbo wa saba amekutana na mtu anayejifunza kuishi katika wimbo wa nane, na anayewakutanisha ni mdundo tu, bila neno hata moja la maelezo. Wimbo wa kwanza wa albamu ulikatwa kwa wembe. Huu wa mwisho haukatwi. Gitaa la besi la Myung linaanza tena peke yake, wengine wanaingia juu yake mmoja mmoja, na sauti inapungua kidogo kidogo huku wakiendelea kupiga, hata usijue waliacha lini.